Jigi za krapi majira ya machipuko: uzito, umbo, kisha rangi

Machi ikikaribia, simu yangu huanza kupokea picha. Mtu yuko dukani, amesimama mbele ya ukuta uliojaa vijipakiti vya jigi za kuvulia samaki aitwaye krapi (jigi ni ndoana yenye kichwa cha risasi, iliyovikwa manyoya au mpira ili imvutie samaki), kutoka miguuni hadi juu ya kichwa chake, ananiuliza: "Kaka, nichukue ipi?" Picha huwa za rangi. Hakuna aliyewahi kunipigia picha ile namba ndogo ya pembeni mwa pakiti inayotaja uzito.

Simcheki mtu, maana nilianza hivyohivyo. Mwaka wangu wa kwanza hapa Kentucky, Marekani, nilikuwa na rangi zaidi ya thelathini, zote za uzito mmoja. Nilishinda kutwa nzima kwenye ziwa la Barren River Lake nikitoa nyekundu natia bluu, nikitoa bluu natia zambarau, na hatua kama kumi kutoka nilipo, mzee mmoja amekalia ndoo anatoa samaki mmoja baada ya mwingine kwa jigi moja nyeupe iliyochakaa. Wiki iliyofuata nikanunua nyeupe kama yake. Sikupata kitu. Ilinichukua wiki nyingine kugundua kwamba yake ilikuwa na uzito nusu ya wangu.

Basi ulinganisho huu nimeupanga kwa utaratibu ambao ningependa mtu angenipa siku ile.

Samaki mwenyewe, kwa ufupi

Wenyeji huandika crappie na wengi wao hutamka "kropi". Sisi tuliohamia tunasema krapi, na tunaelewana. Ni samaki bapa, ukimtazama kwa mbali utadhani sato mdogo. Wako wa aina mbili: mweupe, mwenye mistari ya wima ubavuni na miiba 5 au 6 kwenye pezi la mgongoni, na mweusi, mwenye madoadoa yaliyotapakaa na miiba 7 au 8. Mweupe huvumilia maji ya tope kuliko mwenzake. Jigi zao ni zilezile.

Mambo mawili ya mwili wake yanaamua karibu kila kitu kitakachofuata. La kwanza ni macho, ambayo yamekaa kuelekea juu ya kichwa na hutazama juu. Jigi ikipita chini yake ni kama haikupita. La pili ni mdomo, ambao ngozi yake ni nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi. Aliyezoea kuvuta mgebuka wa Ziwa Tanganyika kwa nguvu atachana midomo ya krapi kumi kabla hajajifunza kuinua fimbo taratibu.

Uzito: 1/32, 1/16 au 1/8

Uzito wa jigi huandikwa kwa sehemu za wakia, na wakia moja ni kama gramu 28. Kwa hiyo 1/32 haifiki hata gramu moja, 1/16 ni karibu gramu 1.8, na 1/8 ni gramu 3.5. Ukizishika mkononi tofauti huisikii. Samaki anaiona, kwa sababu uzito ndio unaoamua jigi itazama kwa kasi gani, na itakaa muda gani mbele ya macho yake kabla haijampita.

Ile ya 1/32 huteremka kama jani. Maji yakiwa bado ya baridi, krapi hataki kukimbizana na kitu, anataka kitu kimjie na kimsubiri. Hapo 1/32 haina mpinzani. Pia ni bora Aprili, samaki wanapopanda kwenye kina cha futi 2 au 3 kutengeneza viota, maana jigi nzito ingeshagonga chini kabla hujakunja hata mizunguko miwili ya mshipi. Ubaya wake ni upepo. Ukivuma kidogo tu, mshipi unapinda kama upinde, jigi inaelea huko inakotaka, nawe hujui kama umedonwa au ni wimbi. Kuitupa mbali nako ni shida, mpaka uwe na mshipi mwembamba wa ratili 4 (ndio uzito unaohimili kabla haujakatika), au uitundike chini ya boya.

Ya 1/8 ni kinyume chake. Inakwenda unapoielekeza, inashuka wima pembeni ya matawi yaliyozama futi 15, na upepo haiujali. Mwanzoni mwa Machi, krapi wakiwa bado kwenye kina wanasubiri joto, au ukiwa kwenye chombo kinachosukumwa na upepo, hiyo ndiyo inayokupa uhakika kwamba jigi iko ulipokusudia. Ukiipeleka kwenye maji ya futi 3, unawapigia samaki kokoto.

Kati yao iko 1/16, na ukinilazimisha kutaja moja tu nitakutajia hii. Inatupika kwa fimbo nyepesi ya kawaida, inakaa vizuri chini ya boya, na kwenye kina cha futi 4 hadi 10 inashuka kwa mwendo ambao krapi hana haraka nao wala haumchoshi. Lakini angalia kosa nililolifanya mimi: nilikuwa na 1/16 pekee, nikadhani inatosha kila siku ya mwaka. Yule mzee alikuwa akivua futi 2 za maji ya baridi kwa 1/32. Rangi ya jigi yake ningeweza kuinakili mpaka kesho.

Kuna jambo watu hulisahau: mshipi wenyewe ni breki. Jigi ileile ya 1/16 huzama haraka kwenye mshipi wa ratili 4 na polepole kwenye wa ratili 8, kwa sababu mnene hushikwa zaidi na maji. Kwa hiyo ukikuta samaki wanataka kitu cha polepole na 1/32 huna, badilisha mshipi. Nami kabla sijaanza kuvua huitosa jigi karibu na gati ambapo chini naona, nikahesabu "moja, mbili, tatu" mpaka ifike. Hesabu hiyo naitumia siku nzima.

Boya au bila boya

Hapa sitakaa sana. Samaki wakiwa kwenye viota, weka boya: unapima kina mara moja, futi 1 au 2 juu ya chini, na jigi inakaa palepale juu ya kichwa cha dume anayelinda mayai. Samaki wakiwa wametawanyika hujui wako wapi, vua bila boya, tupa na ukunje taratibu huku ukibadilisha kina. Watoto wape boya siku zote. Mtoto akiona boya linazama hatakuomba simu tena.

Ukitumia boya, fundo lihakikishe jigi inaning'inia kwa mlalo kama samaki anayeogelea. Ikining'inia kichwa chini kama nguo kwenye kamba, sogeza fundo juu ya jicho la ndoana hadi ilale sawa. Kila ukishampata samaki, litazame tena, maana huteleza.

Umbo: manyoya au mpira

Sasa tunaingia kwenye ubishi wa kweli, maana hapa wavuvi wazuri hawakubaliani.

Jigi ya manyoya hufungwa kwa mkono. Kichwa cha risasi, kiwiliwili cha uzi wenye nywelenywele, na mkia wa manyoya laini yanayoitwa marabou. Jina hilo si geni kwetu. Zamani manyoya hayo yalitoka kwa marabu, yule korongo mwenye upara na kifuko shingoni, ambaye Kampala anaitwa kaloli na hushinda juu ya majalala. Siku hizi mengi ni ya bata mzinga, jina tu limebaki. Kila nikilifungua pakiti hilo nacheka peke yangu: ndege ambaye pale Kampala hakuna anayemtaka karibu na meza yake, jina lake huku linauzwa kwenye vifurushi.

Uzuri wa marabou ni kwamba haihitaji kazi yako. Ukiiacha imetulia kabisa, unyoya unaendelea kupumua majini, unafunguka na kujifunga. Kwenye maji ya baridi, samaki anapotaka kitu kisichokimbia, hakuna mpira unaoweza kufanya hivyo. Pia hudumu. Nina moja imeona misimu mitatu. Mabaya yake: ikikwama kwenye kisiki umepoteza kitu cha kazi ya mkono, na ukitaka kubadilisha rangi inabidi ukate mshipi ufunge upya, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Machi.

Mpira ni tofauti. Kichwa cha risasi kinabaki kwenye mshipi, unavua nguo moja unavika nyingine kwa sekunde chache. Ila hiyo nguo nayo ina mitindo yake, na mitindo hiyo si mapambo:

Mrija ni bomba tupu lenye vijimkia vingi nyuma. Unazama kwa kuyumba kidogo, na ni mzuri chini ya boya. Kama ningekuwa namnunulia mtu anayeanza, ningeanzia hapo.

Mkia wa kujikunja unafanya kazi pale tu unapovutwa. Ukikunja mshipi unatetemeka kama bendera, ukisimama unalala. Huu ni wa kutafuta samaki maji yakishapata joto, hasa kuanzia katikati ya Aprili.

Mkia wa kasia unapiga maji kwa nguvu zaidi, na katika maji ya tope samaki huusikia kabla ya kuuona. Kwa krapi waliolala kwa baridi ni kelele isiyo na sababu.

Mkia mnyoofu na mwembamba, wa inchi 2 hivi, ndio mtindo wa Baby Shad wa kampuni ya Bobby Garland ambao utauona kila duka. Hautikisiki wenyewe, unafuata mkono wako tu. Ukitikisa kidogo, nao kidogo. Unafanana sana na shadi, vile visamaki vya rangi ya fedha ambavyo kwa krapi wa huku ni kama dagaa kwa mgebuka.

Hukumu yangu: maji yakiwa chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, ambazo ni kama 13 za Selsiasi, nachukua manyoya. Yakipita hapo, mpira. Rafiki yangu mmoja, Mrundi, huvua kwa manyoya mwaka mzima na kunishinda mara nyingi, kwa hiyo hukumu hii uichukue kwa kipimo chake.

Kuna pia Road Runner, jigi yenye kibati kidogo kinachozunguka chini ya kichwa. Ni nzuri kwa anayevua akitembea ukingoni, kwa sababu kibati kinamlazimisha akunje mfululizo kwa mwendo mmoja. Chini ya boya haina maana.

Rangi, mwisho kabisa

Rangi ina umuhimu wake, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini swali lake si "krapi anapenda rangi gani?" Swali ni "maji ya leo yanafananaje?" Mimi hupima kwa chai. Natosa jigi nyeupe futi 2 chini na kuitazama. Nikiiona wazi na mkia wake, hayo ni maji safi. Nikiiona kama kivuli, hayo ni chai ya rangi. Isipoonekana kabisa, hayo ni chai ya maziwa.

| | Maji safi | Chai ya rangi | Chai ya maziwa |
|---|---|---|---|
| Jua kali | moshi, lulu, rangi zinazopitisha mwanga | njano-kijani na nyeupe | nyeusi na njano-kijani |
| Mawingu | nyeupe, kijivu | pinki na nyeupe, njano-kijani na nyeusi | chungwa na njano-kijani |
| Alfajiri na magharibi | nyeupe, au nyeusi tupu | nyeusi na pinki | nyeusi na chungwa |

Njano-kijani ninayosema ni ile ya kizibao cha bodaboda, isiyokubali kufichika. Ndiyo rangi inayouzwa sana kwa krapi, na kwa sababu nzuri: maziwa mengi ya huku majira ya machipuko ni chai ya rangi, kwa mvua na kwa mito inayoleta udongo.

Sababu ya mpangilio huo ni mwanga. Katika maji ya tope, mwanga wa bluu na zambarau huishia karibu na uso, wa njano na chungwa hupenya zaidi. Ndiyo maana jigi ya bluu iliyopendeza dukani ikifika futi 3 za tope inakuwa kivuli tu. Na kama itakuwa kivuli, heri iwe kivuli kizito: nyeusi. Watu hushangaa kusikia nyeusi kwenye maji machafu, lakini kumbuka krapi anatazama juu, kule kwenye mwanga. Kitu cheusi kinachopita juu yake kinachora umbo lililokamilika. Ukiongeza mkia wa njano-kijani unapata mahali pa yeye kulenga.

Maji safi yanataka kinyume. Huko samaki ana muda wa kukagua, na rangi kali inamtia shaka. Zile za kupitisha mwanga, zenye vumbi linalometa, zinafanana na shadi. Bobby Garland wana moja inayoitwa Monkey Milk, yaani Maziwa ya Tumbili, na usiniulize ni nani aliyemkamua. Ipo nyingine inayoitwa Electric Chicken, Kuku wa Umeme, nusu pinki nusu njano-kijani. Majina haya ni ya kuwavua wavuvi kwanza. Hata hivyo nakiri kwamba Kuku wa Umeme huwa haachi kisanduku changu Aprili.

Ukitaka kuchagua kati ya rangi moja na rangi mbili, chukua mbili. Mpaka kati ya giza na mwanga kwenye kiwiliwili huonekana hata pale rangi zenyewe zinapofifia. Kichwa cha risasi kilichopakwa rangi na kile kitupu? Katika chai ya rangi na chai ya maziwa, nachukua chenye rangi ya pinki au chungwa. Katika maji safi kitupu kinatosha.

Na kama dakika ishirini zimepita bila kudonwa, badilisha kina kwanza. Halafu kasi. Halafu ndipo ufungue pakiti ya rangi.

Risasi au tangsteni, na ndoana

Tangsteni ni nzito kwa ujazo wake, gramu 19 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, risasi ni 11. Maana yake kichwa cha 1/16 cha tangsteni ni kidogo kwa umbo na kinazama haraka zaidi, tena unapogusa tawi unalisikia mkononi. Bei yake ni mara kadhaa ya risasi. Kwenye visiki vya Kentucky, ambako unaweza kuacha jigi kumi kwa asubuhi moja, mimi nabaki na risasi. Risasi ni sumu: nawa mikono kabla ya kula, na usibane vichubwi vya risasi kwa meno kama wengi wanavyofanya.

Ndoana chagua ya waya mwembamba, ukubwa wa 4 au 6. Ikikwama, vuta polepole itanyooka na kutoka, kisha ikunje tena kwa koleo. Ndoana nene itabaki kisikini pamoja na mshipi wako.

Mwezi kwa mwezi

Wavuvi wa zamani wa huku hawatazami kalenda, wanatazama mti unaoitwa dogwood. Ukichanua maua yake meupe, krapi wako kwenye viota. Kipimajoto kinasema karibu hilohilo: wanataga maji yakiwa kati ya nyuzi 60 na 68 za Farenhaiti, kama 16 hadi 20 za Selsiasi.

Kabla ya hapo, Machi, samaki wako kwenye kina, futi 8 hadi 15, karibu na visiki na mikondo ya zamani ya mto. Jigi ya 1/16 au 1/8, manyoya, mwendo wa kobe. Siku tatu za jua mfululizo huwapandisha, baridi ya usiku mmoja huwarudisha.

Aprili kwenye Kentucky Lake ina jambo lake. Ziwa hilo lilitokana na bwawa lililokamilika 1944 kwenye mto Tennessee, na uso wa maji yake hushushwa majira ya baridi hadi futi 354 juu ya usawa wa bahari, kisha mwezi wa Aprili hupandishwa kuelekea 359. Futi hizo 5 zinafunika vichaka vya ukingoni, na madume, ambao kipindi hicho hugeuka weusi hadi shingoni, huingia humo. Ni 1/32 chini ya boya dogo, mrija, futi 1 hadi 3. Majike, ambao ndio wakubwa, mara nyingi hukaa nje ya vichaka, kwenye kina kirefu kidogo kuliko cha vichakani, wakisubiri zamu. Anayevua vichakani tu hurudi na madume matupu. Rudi nyuma mita chache, weka 1/16.

Mei wakishataga hutawanyika na kutafuta kivuli, chini ya magati na kwenye matawi ya kina. Hapo mkia wa kujikunja au mkia mnyoofu, 1/16, rangi ya shadi, na unaanza kuwatafuta upya.

Kabla ya yote hayo, leseni. Hapa Kentucky mwenye miaka 16 na zaidi anaihitaji, na mwaka wake huanza Machi 1, kwa hiyo ile ya mwaka jana imekwisha hata kama uliikata Januari. Kentucky Lake krapi chini ya inchi 10 anarudishwa majini. Bandika rula kwenye mfuniko wa ndoo.

Ungenipigia simu ukiwa dukani

Ningekwambia hivi: vichwa vya 1/32 pakiti moja, vya 1/16 pakiti mbili, vya 1/8 vichache. Mirija ya nyeusi na njano-kijani, mirija ya pinki na nyeupe, mikia minyoofu ya Maziwa ya Tumbili au kitu kinachofanana nayo. Jigi tatu za manyoya: nyeupe, nyeusi, njano-kijani. Maboya madogo manne, maana mawili yatabaki kwenye matawi. Fedha iliyobaki jaza mafuta ya gari, na nipitie nyumbani saa kumi alfajiri.